Kahawa Iliyowekwa Chini

Foleni ya duka la dawa ilianzia kaunta, ikapinda mlangoni, ikamwagikia barazani, na kila aliyekuwemo alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Mafua yalikuwa yameuvamia mji. Huku mtoto analia, kule mzee anapiga chafya mpaka kofia inamvuka, na katikati ya zogo hilo msichana wa kaunta, koti jeupe limepigwa pasi likanyooka, alikuwa anarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu.

Hakuruka kwa raha, masikini. Alikuwa anamweleza mama mmoja mtu mzima, aliyevaa abaya nyeusi na mtandio wa zambarau, kwamba ile chupa itikiswe kwanza kabla ya kunywa dawa. Yule mama alijua Kiarabu chake, na katika lugha ya mji alijua maneno ya kuvukia barabara tu. Msichana akatikisa chupa, mama akatikisa kichwa. Msichana akajitikisa mwenyewe, mabega na kiuno, mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama ana homa.

Foleni nzima ikacheka.

"Dada, ukiendelea hivyo shangazi yangu atadhani ni dawa ya kuchezea ngoma," sauti ikasema.

Alikuwa kijana mrefu, shati la buluu lina madoa ya rangi saba, na vidole vyake hata akivisugua kwa mafuta ya taa havikubali kurudi kuwa vidole. Akamwinamia yule mama, akamwambia maneno mawili matatu. Mama akafungua mdomo, "Aaah!" kisha akamshika msichana shavu.

"Anasema Mungu akuponye," kijana akafasiri. "Alidhani mgonjwa ni wewe."

"Na wewe ulikuwa wapi muda wote huu ninaumbuka?"

"Nilikuwa naegemeza ngazi yangu nje. Halafu nikakuta mchezo umekolea, nikasema nisiuharibu."

"Huna haya."

"Sina. Nina brashi tu."

Basi huyo alikuwa mwandika mabango, na mjini walimwita Rangi. Msichana naye, kwa ajili ya kazi yake, aliitwa Kidawa, hata nyumbani kwao walikuwa wamelisahau jina lake la kuzaliwa. Alipokuwa anamfungia yule shangazi chupa kwenye karatasi alisema, macho yako chini, "Kina mama kama yeye huja hapa kila siku. Nawapa dawa, naomba tu waelewe. Nataka kujifunza. Utanifundisha?"

"Mimi? Sina subira hata ya kungoja rangi ikauke. Lakini kuna mwalimu, ghorofani juu ya lile duka la vitambaa, darasa lake ni la jioni."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nifuate nini? Kiarabu mimi nimekinyonya." Akaona uso wa Kidawa umeshuka kidogo, kidogo tu, kama taa inayopunguzwa utambi. Akajikohoza. "Lakini bango la darasa lao limechakaa sana. Nimekuwa nikisema siku moja nitalipaka upya."

Mwenye kuijua kazi ya mabango atakwambia bango kama lile ni kazi ya siku mbili. Rangi alilipaka miezi.

*

Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na sauti yake ingeweza kumwamsha mlinzi wa benki. Darasani walikuwemo dereva wa teksi, mshona mapazia, na mume na mke waliotaka kuelewa wanachosemwa na wakwe. Kidawa alikaa karibu na dirisha. Nje ya dirisha, juu ya ngazi, kulikuwa na miguu miwili yenye kandambili.

Kiarabu kilimpa raha na tabu. Raha, kwa sababu maneno mengi aliyakuta ni ndugu zake: dawa ni dawa, sukari ni sukari, na asubuhi akaijua kwa sauti kabla ya kuambiwa. Tabu, zile herufi za kooni. Kila alipojaribu, miguu ile dirishani ilitikisika kwa kicheko.

"Wewe wa nje!" Mwalimu alifoka. "Paka rangi!"

Usiku simu ililia.

"Nisomee la leo," Rangi alisema.

Kidawa akasema neno.

"Hilo limetoka puani, roho yangu. Lishushe."

"Limetoka wapi, nani yako?"

"Puani."

"Baada ya puani."

"Nimesema lishushe."

"Wewe Rangi, usinitanie. Mama yuko hapa anachagua mchele, masikio yamemsimama kama ya sungura."

"Masikio yangu yako sawa," mama yake akajibu kutoka kwenye ungo. "Mwambie hata mimi nimesikia."

Ndivyo lilivyoanza, na likianza hivyo halina breki. Akaanza kumwonyesha mji ambao Kidawa alidhani anaujua. Akampeleka kwa mtengeneza udi, ule wa kupigwa, chumba kimejaa vinanda vyenye matumbo ya mviringo, kila kimoja kinangoja nyuzi. Akampeleka kwa muuza manukato, akampaka tone la mafuta ya waridi nyuma ya kiganja, akamwambia asilinuse mpaka watoke nje. Akamwonyesha mabango yake ya herufi za Kiarabu: la kinyozi, la msusi, la duka la miwani. "Tazama herufi ya mwisho," alimwambia. "Mkia wake naupandisha juu, kama paka anayeamka. Hakuna mwingine anayefanya hivyo. Ukiuona, ujue nimepita hapo."

Siku aliyompeleka kwa shangazi yake, Kidawa alivaa gauni la kijani la mikono mirefu na viatu vilivyombana. Nyumba ilinukia ubani na iliki. Shangazi akamiminia kahawa kutoka kwenye birika lenye mdomo mrefu kama wa korongo, katika kikombe kidogo kisicho na mkono, funda moja tu chini. Kidawa akanywa. Shangazi akamimina. Akanywa. Shangazi akamimina tena. Msichana akaona kukataa ni utovu wa adabu, akaendelea kunywa mpaka moyo ukaanza kumwendesha mbio na vidole vikamcheza.

"Rangi," akanong'ona, "naona ukuta unapumua."

Rangi alikuwa ameuma mto wa kochi asiangue kicheko. "Kitikise kikombe, habibti. Hivi, kushoto na kulia. Ukitosheka unakitikisa. Usipokitikisa, maana yake bado una hamu."

"Na hukuniambia!"

"Mchezo ulikuwa umekolea."

Akamtupia mto. Shangazi akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, akasema jambo kwa Kiarabu. Rangi akaona haya, akagoma kulifasiri. Lakini Kidawa alikuwa ameshalielewa nusu yake, na hiyo nusu ikamtosha kwenda nayo nyumbani.

*

Walipokubaliana kuoana, Rangi alisema wazee wake watakwenda kwa kina Kidawa kwanza bila yeye. Ndivyo walivyokuwa wakifanya. Atakuja shangazi, na atakuja Baba Mkubwa, kaka wa shangazi, anayesafiri kutoka mbali kwa shughuli hiyo tu.

Nyumbani kwa kina Kidawa baba alikwisha kufariki, na mwenye kauli alikuwa mjomba wake. Mjomba huyu alikuwa mhudumu mkuu wa hoteli kubwa mpaka miguu ilipomkataa. Bado alikuwa na koti lake jeupe la vifungo vya shaba, na alikuwa na sheria zake. Ya kwanza: kahawa ya mgeni wa heshima hupikwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ya pili: mgeni haulizwi. "Mgeni asipokula," alikuwa akisema, "ukimwuliza kwa nini, umemwaibisha. Nyamaza. Ana sababu zake, akitaka atazisema."

Siku ilipofika Mjomba alisaga kahawa kwa mkono, akaichemsha akiiangalia kama mama anavyoangalia mtoto wa kwanza akioga. Wageni wakaingia. Baba Mkubwa, ndevu nyeupe, kanzu imenyooka, akasalimu kwa lugha ya mji aliyoijua kwa shida lakini kwa heshima kubwa. Wakakaa. Kidawa alikuwa jikoni, jicho moja kwenye upenyo wa pazia.

Mjomba akamimina. Baba Mkubwa akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakitazama, akakiweka chini mezani mbele yake. Shangazi naye akakiweka chini.

Wakanyamaza.

Mjomba akanyamaza.

Mvuke wa kahawa ukapanda, ukapungua, ukaisha. Mama akazungumzia jua. Baba Mkubwa akaitikia kuwa jua ni kali, akarudi kumtazama Mjomba kwa macho ya mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Mjomba akakunja mikono, akangoja. Mbuzi wa jirani akalia. Mwisho Baba Mkubwa akashusha pumzi, akainuka taratibu, akamshika Mjomba mkono, akasema, "Kaeni kwa amani," na wakatoka.

Kidawa ndiye aliyeondoa vikombe. Vimejaa vyote. Alivimwaga kwenye karai, kimoja kimoja, na Mjomba amesimama mlangoni na vifungo vyake vya shaba.

"Miaka yangu yote hotelini," Mjomba akasema polepole, "hakuna aliyeacha kahawa yangu. Hawakugusa hata kwa ulimi. Wametuona, wametupima, wametuacha. Mwanangu, hao hawakutaki."

Simu ililia kabla karai halijakauka.

"Kwa hiyo jibu ndilo hilo?" sauti ya Rangi ilikuwa nyembamba.

"Jibu mmelitoa ninyi!"

"Sisi? Mzee amesafiri safari yote ile, amekaa kwenu kama gogo, hakuna hata—"

"Wamekuja kututemea mate nyumbani kwetu, na wewe unapiga simu kuniuliza mimi? Ungeniambia tu, Rangi. Ungeniambia kwamba kwetu si pa kuoa."

"Kidawa, ni nyie mliokataa!"

Akaikata. Akalifungia jina lake lisiingie tena, akakaa chini palepale kwenye kigoda cha jikoni, mikono inanuka kahawa.

*

Mapenzi yakikatika, kinachouma si pale yalipokatikia. Ni sehemu zote ambazo bado hazijapata habari. Mguu wa Kidawa ulikuwa haujapata habari. Jioni ulielekea wenyewe duka la vitambaa. Sikio lake nalo: simu ya mtu mwingine ikilia kaunta, lilishtuka.

Hasira ilipomtoka alilifungulia tena jina la Rangi kwenye simu, akapiga. Haikupatikana. Dereva wa teksi wa darasani ndiye aliyemwambia, bila kujua anachomwaga, kwamba Rangi amechukua kazi mji mwingine, mbali, kuandika mabango ya soko jipya. Shangazi naye hakuonekana tena duka la dawa. Dawa zake zilifuatwa na jirani.

Darasa hakuliacha. Mama yake alishangaa. "Kimebaki nini huko?"

"Kimebaki Kiarabu, mama."

Uongo mtupu. Kilichobaki ni bango. Rangi alikuwa ameliacha halijaisha: rangi ya dhahabu juu ya kijani, herufi zote zimekaa, ila ile ya mwisho haina mkia. Kidawa alipita chini yake kila jioni, na kila jioni alinyanyua macho kama mtu anayesalimia.

Na mji mzima ukawa unamtaja Rangi. Sasa alijua kusoma Kiarabu, ole wake. Zamani yale mabango yalikuwa mapambo. Sasa yalikuwa sauti. Kinyozi, msusi, miwani, mkate, kushona, kila mkia umepandishwa juu kama paka anayeamka. Ujue nimepita hapo. Alipita hapo, ndiyo. Alipita kila mahali. Wakati mwingine Kidawa alizunguka njia ndefu ili asiyaone, kisha akajikuta amesimama mbele ya mojawapo, mfuko wa nyanya unamkata vidole, anasoma neno "mkate" kama anasoma barua.

Kaunta hakuruka tena. Kina mama wa Kiarabu wakija aliwaambia tikisa kwanza, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Walimwombea dua, wakamwuliza, "Nani amekufundisha, binti? Unasema kama watu wa kwetu." Alitabasamu, akaita namba inayofuata.

*

Jioni moja Mwalimu alikuja darasani na birika la mdomo wa korongo na vikombe vimefungwa kwenye taulo. "Lugha bila kahawa ni kamba bila ndoo," akasema. Akawafundisha: birika mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, mimina kidogo, ukikijaza unamwambia mgeni anywe aende zake.

Kidawa alijua yote hayo. Alikaa dirishani, pasipo na ile miguu nje, akinusa iliki.

"Na ukitosheka unakitikisa," Mwalimu akaendelea.

"Na ukiwa huitaki kabisa?" dereva wa teksi akauliza. "Mimi kahawa hunikosesha usingizi."

"Sema shukrani, usipokee. Lakini usije ukaipokea halafu ukaiweka chini bila kuinywa! Hiyo ina maana yake nyingine."

"Maana gani?"

"Huo ni utaratibu wa wazee wa zamani. Mtu mwenye haja kubwa, labda anatafuta suluhu, labda anaposa, akimiminiwa kahawa haigusi. Anaiweka chini mbele yake. Hapo mwenye nyumba amwulize: una nini, mgeni wangu, mbona hunywi? Ndipo anafungua kinywa. Na mwenye nyumba akisema, kunywa kahawa yako, basi haja imekubaliwa."

Kikombe cha Kidawa kikagonga meza. "Na asipouliza?" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Mwalimu, mwenye nyumba asipouliza?"

"Asipouliza amekataa bila kutamka. Mgeni anainuka na heshima yake, anakwenda. Wewe, binti, unakwenda wapi? Darasa halijaisha!"

Ngazi za ghorofa hazikumbuki zilivyokanyagwa.

Mjomba alikuwa anang'arisha vifungo vyake. Kidawa akamweleza akihema, amesimama, kiatu kimoja mkononi. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kitambaa kikamponyoka.

"Alikuwa anangoja nimwulize," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mimi nilikuwa nangoja aseme."

"Ndiyo."

"Yule mzee alinitazama... Nikasema moyoni, usimsumbue mgeni." Akajifunika uso kwa viganja vyake vikubwa. Alipoviondoa, macho yalikuwa mekundu lakini kidevu kimesimama. "Dada!" akamwita mama Kidawa. "Nipe koti langu. Na wewe, vaa lile gauni la kijani."

"Tunakwenda wapi?"

"Kutokunywa kahawa."

*

Shangazi alifungua mlango, akamwona Kidawa, akamwona mzee mwenye vifungo vinavyong'aa nyuma yake. Uso haukucheka wala haukununa. Lakini mgeni ni mgeni. Akawakaribisha, ubani ukawapokea, birika likaja.

Kidawa akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Akakiweka chini. Mjomba naye akapokea. Hebu mfikirie mtu huyo, maisha yake yote kahawa, na hiyo iliyokuwa mbele yake ina iliki iliyopondwa sasa hivi. Pua zake zilitanuka kama za farasi. Akafumba macho, akaiweka chini.

Shangazi akavitazama vikombe. Akamtazama Kidawa. 

"Una nini, binti yangu?" akauliza kwa Kiarabu. "Mbona hunywi?"

Kidawa akamjibu kwa Kiarabu, na herufi za kooni, zile zilizomtesa, zikatoka zote mahali pake kwa sababu koo lilikuwa limejaa machozi. "Nina haja, shangazi. Siku ile hatukujua kuuliza. Mjomba wangu alinyamaza kwa kukuheshimuni. Leo nimekuja mimi. Ninamtaka mtoto wako."

Shangazi akaliweka birika chini, akalia kidogo kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, "Haja hii si mimi wa kuijibu," akachukua simu.

Iliita. Kule ilikoita kulikuwa na kelele za soko, nyundo, mtu anaita mbao.

"Shangazi? Kuna nini, unaumwa?"

"Siumwi. Nina wageni. Wamekuja wamekaa, nimewapa kahawa yangu nzuri, na hawanywi."

Kelele za soko ziliendelea. 

"Nani?" Rangi akauliza.

"Mmoja ni mzee wa vifungo. Mwingine anasema neno 'haja' vizuri kuliko wewe."

Kitu kilianguka kule, kopo labda, na mtu akapiga kelele kwamba rangi imemwagika. Shangazi akampa Kidawa simu. Msichana akaishika kwa mikono miwili. Maneno yote aliyoyapanga miezi hii, mengine ya ugomvi, mengine ya kubembeleza, akayatafuta, hakuliona hata moja.

"Bango lako halina mkia," akasema.

"Najua."

"Watu wanapita pale wanaliona hivyohivyo."

"Watu gani?"

"Mimi."

Akamsikia akipumua. "Roho yangu. Nilisahau kukuambia desturi ya kahawa. Kwetu hakuna anayekumbuka aliambiwa lini, nikadhani unajua tu. Kisha nikakasirika, na hasira yangu unaijua, haina ngazi ya kushukia."

"Kahawa inapoa, Rangi."

"Imepoa sana?"

"Sana. Na Mjomba anateseka."

Akacheka, kicheko kile cha dirishani, kimekwaruzwa kidogo. Halafu akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeandika herufi kubwa asiyotaka imtetemekee.

"Mwambie Mjomba anywe kahawa yake."

"Na mimi?"

"Kidawa. Kunywa kahawa yako. Kesho nashusha ngazi, narudi."

Mjomba hakungoja afasiriwe. Alikwisha kuusoma uso wa Shangazi, umeanza kucheka; akakinyanyua kikombe, akakimaliza kwa funda moja, akafumba macho, akasema, "Iliki imezidi kidogo tu." Shangazi hakuelewa, akadhani amesifiwa, akamshukuru.

Kidawa akainywa yake, baridi, chungu, mpaka machicha. Simu bado ilikuwa sikioni. Kule mbali soko lilikuwa linafungwa, na Rangi alikuwa hajakata. Shangazi akamsogelea na birika, akasimama mbele yake, akangoja kuona mkono utafanya nini.

Msichana akakinyoosha kikombe. Hakukitikisa.